Kichezeo cha Bwana Kidevu

Kamera ya studio yetu ilikufa ikiwa kazini. Mteja alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, nywele kazichana, kifungo cha juu cha shati kakifunga, pumzi kaibana kama mtu anayesubiri sindano. Nikabonyeza kitufe. Kamera ikakohoa, kitu kikakwama ndani yake, na ndiyo ikawa kwaheri. Nilimwambia yule bwana anaweza kupumua sasa. Akavuka barabara kwenda kupigwa picha kwa jirani, nami nikabaki na maiti mkononi.

Studio ni ya Baba. Mimi naiendesha tu tangu macho yake yalipoanza kumsaliti, lakini hutasikia mtu akisema anakwenda kwangu. Wanasema wanakwenda kwa Bwana Kidevu. Jina hilo walimpa wateja, maana katika maisha yake yote ya kupiga picha za vitambulisho hakuwahi kumpiga mtu kabla hajamwamuru: "Kidevu juu!" Na sauti yake si ya kuomba. Mwalimu mkuu, askari, bibi harusi, mtoto mchanga aliyeshikiliwa na mama yake, wote walipewa amri ileile na wote walitii. Ukikusanya vitambulisho vya mji huu utadhani siku ile sote tulikuwa tunatazama ndege ikipita.

Sasa Bwana Kidevu mwenyewe haoni zaidi ya kiganja. Jicho la kulia limezima kabisa. La kushoto linaona kitu kikisogezwa karibu nalo, upana wa kiganja hivi, na baada ya hapo ni ukungu mtupu. Daktari wa macho alituambia bila kuzunguka kwamba kilichokwenda hakirudi, na hiki kilichobaki nacho kinaondoka polepole. Baba alimshukuru kwa adabu. Tulipofika nje akaniambia yule daktari ana kidevu kizuri sana. Alikiona walipokuwa wanapimana, pua kwa pua.

Nina binti mmoja, na uwanjani wanamwita Tofali. Jina limemfuata hadi nyumbani na halimkeri. Anatupa tufe. Wenzake wanakimbia, wanaruka, wanashangiliwa; yeye anaingia kwenye duara lake pembeni, anaweka lile dude la chuma shingoni chini ya taya, anajikunja akiwapa watu mgongo, kisha anageuka kwa ghafla na kulisukuma liende zake. Mchezo wenyewe hauna mashabiki. Lakini mimi nikimwona anavyotua baada ya kutupa, akisimama kwa mguu mmoja ukingoni ili asivuke, huwa najisikia kama nimemzaa tena.

Babu yake hakuwahi kumwona akitupa. Tofali alianza mchezo huu wakati macho ya Baba yalishaanza kuaga. Ili amwone ingebidi asimame kiganja kimoja mbele yake, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayesimama kiganja kimoja mbele ya tufe. Walijaribu siku moja uani. Baba alisogea, akasogea tena, nikapiga kelele, Tofali akashtuka, na tufe likaenda kulipasua pipa letu la maji. Tuliloa wote watatu. Baba alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakuwa ameona kitu.

Mtasema, kwani video hakuna? Zipo. Mwalimu wake wa michezo alimrekodi kwa simu, akatuletea. Baba aliiweka simu jichoni, akaitazama mpaka mwisho, akanirudishia.

"Hiyo ni habari," alisema. "Imeshatokea, na kila mtu anajua ilivyokwisha. Mimi maisha yangu yote nimekula kwa kutazama kitu ambacho bado hakijatokea."

Ndipo yakaja mashindano makubwa, yale ambayo mshindi wa kwanza anachukuliwa timu ya taifa. Jioni moja Tofali alikuwa anakausha vyombo nami naosha, akaniambia bila kunitazama, "Mama, mimi sitaki mnipe zawadi yoyote nikishinda. Nataka tu Babu anione. Hata mara moja, kabla…" Sahani aliyoshika ilikuwa imekauka zamani, lakini aliendelea kuifuta. Nikampa sahani nyingine. Kwenye uwanja wa mashindano watazamaji hawaruhusiwi kushuka, na duara la tufe liko kona ya mbali kabisa, upande wa pili, ili dude lisimwangukie mtu.

Basi turudi kwenye kamera. Mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye ni karani wa benki na hupenda watu walijue hilo, tulichanga fedha ya kununua nyingine. Ilitosha kamera moja. Na mimi nilishajua nitanunua ipi, nilikuwa naijua kwa miaka. Ile kubwa, ya kubadilisha lenzi, inayoning'inia kifuani na kumfanya mtu apishwe mlangoni. Nilikuwa nataka kutoka kwenye vitambulisho. Nilitaka harusi, mahafali, picha za familia kwenye bustani. Ambayo fedha yetu ingeweza kuinunua ni ya wanaoanza, ya mwisho kabisa katika ukoo wake, lakini ukoo ni ukoo.

Baba alisema lazima twende wote. Kununua kamera bila yeye, alisema, ni kuozesha binti bila baba.

Duka la kamera ni jembamba, lina kabati za vioo pande zote, na muuzaji wake ana ndevu zilizochongwa kwa rula na ulimi usiopumzika. Alituwekea kaunta kamera mbili. Ya kwanza ilikuwa ile yangu, nyeusi, nzito, na lenzi yake fupi mbele. Ya pili ilikuwa ndogo ya kuingia mkobani, lenzi yake moja haitoki, lakini akibonyeza inachomoza na kuchomoza kama shingo ya kobe.

"Hii kubwa ni kamera ya kazi," alisema muuzaji. "Picha safi, hata penye mwanga hafifu, na ukibonyeza imeshapiga. Ila kwa lenzi hii iliyokuja nayo huvuti mbali. Ukitaka mbali, unanunua lenzi nyingine, na hiyo, mama, bei yake tusiitaje leo. Hii ndogo inavuta mpaka unaona haya. Lakini gizani inalia, na ukibonyeza inachelewa kidogo. Watalii wanaipenda."

"Watalii," alisema Baba, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. "Nipe hiyo ya kazi."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaipima uzito, akapitisha kidole gumba juu ya vitufe vyote, hata akainusa. Uso wake ulibadilika. Nilimwona Baba wa zamani, yule aliyekuwa akiingia kwenye chumba cha giza akipiga mluzi na kutoka na sura za watu mkononi. Akaweka jicho la kushoto kwenye tundu la kuchungulia, akaielekeza mlangoni, akakaa hivyo muda mzuri.

"Aaah," alisema. "Mwanga unaingia safi. Mstari ule wa mlango umenyooka kabisa. Hii, binti yangu, hii ndiyo kamera."

Kifuniko cha lenzi kilikuwa hakijatolewa.

Muuzaji alikiona wakati mmoja na mimi. Akafungua mdomo. Nikampa jicho lile ambalo binti yangu analijua, na mdomo ukajifunga wenyewe. Moyo uliniuma, sitaficha. Huyu ndiye aliyenifundisha kamera, na somo la kwanza kabisa, kabla ya mwanga na kabla ya umbali, lilikuwa kwamba mpiga picha anayesahau kifuniko arudi nyumbani akalime. Na alikuwa anatazama giza na kulisifu kwa sauti, ili mimi nisijue.

"Ni nzuri, Baba," nilisema.

"Na hicho kichezeo nacho, hebu nikione nicheke."

Muuzaji aliiwasha ile ndogo na kumpa. Baba aliitafuta kwa vidole sehemu ya kuchungulia, hakuipata, kuna kioo tu nyuma. Akanuna. Akakisogeza kile kioo jichoni, kiganja kimoja, kama anavyosogeza kila kitu, akaielekeza kamera barabarani na kuanza kukisukuma kile kidude cha kuvutia. Shingo ya kobe ikatoka, ikatoka.

Kisha ikasimama.

"Kule mwisho wa barabara," alisema baadaye, na sauti yake ilikuwa ndogo, "kuna fundi viatu?"

Nilitazama. Mimi nina macho mazima, na kule mwisho wa barabara niliona ukuta na kitu cheusi chini yake ambacho kingeweza kuwa mtu au gunia.

"Ana miwani," alisema Baba. "Mguu mmoja wa miwani ameufunga kwa uzi mwekundu. Sasa anacheka. Sijui kaambiwa nini."

Hata ndevu za muuzaji zilitulia. Baba aliendelea kutazama kidogo, halafu akaiweka kamera juu ya kaunta haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Kichezeo," alisema. "Lenzi haitoki, tundu la kuchungulia hakuna, ukibonyeza inafikiri kwanza. Nunua kubwa, tuondoke." Akapapasa fremu ya mlango, akatoka kunisubiri nje.

Nilisimama mbele ya zile kamera mbili. Muuzaji, ambaye sasa alikuwa anaongea kwa upole kama yuko hospitalini, aliniambia nichukue kubwa, kwamba hata wateja wanamheshimu mtu mwenye kamera kubwa. Alikuwa anasema kweli. Niliishika, na mkono wangu ulikuwa umetengenezwa kwa ajili yake. Niliziona harusi zote ambazo ningezipiga. Niliona wivu wa jirani wa ng'ambo. Kisha nikamwona Tofali na ile sahani kavu.

Kwa mara ya kwanza maishani nilijua kabisa ninachokitaka, na nikanunua kingine.

Nyumbani Baba alishika boksi na hakuhitaji kulifungua. "Nyepesi," alisema. "Wamekubadilishia. Nilijua yule mwenye maneno mengi ni mwizi, chema chajiuza. Rudi sasa hivi."

"Hajanibadilishia mtu. Nimechagua mwenyewe."

"Umechagua kichezeo?"

"Nimechagua kichezeo."

Alifura, akaenda kukaa chumbani kwake na mlango akaufunga kwa heshima zote, ambayo kwa Baba ni mbaya kuliko kuubamiza. Mdogo wangu akapiga simu kabla sijaweka sufuria jikoni. Mbio za maneno katika familia yetu ndizo zingestahili medali.

"Dada, ni kweli umenunua kamera ya watalii?"

"Kweli."

"Fedha yangu imo humo, ujue. Kwa nini lakini?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa dukani, wewe ulikuwa benki."

"Hilo si jibu."

"Njoo uwanjani Jumamosi, utapewa jibu."

Sikumwambia sababu, wala sikumwambia Baba. Namjua mzee wangu. Angekubali kuvushwa barabara na mbuzi kuliko kununuliwa kitu kwa kuhurumiwa. Kama angejua kamera ile imenunuliwa kwa ajili ya jicho lake, asingeigusa tena mpaka kaburini. Kwa hiyo nikavumilia. Nilipiga vitambulisho kwa kichezeo changu na vilitoka vizuri tu. Uso wa mtu uliokaa mbele yako chini ya taa mbili hauhitaji ukoo. Wateja waliitazama ile kamera, wakanitazama mimi, wakatazama tena kamera. Mmoja aliniuliza kama ile ya kweli iko kwa fundi. Nilimwambia ainue kidevu.

Jumamosi jua lilitoka kama limelipwa. Tulikaa safu ya chini ya jukwaa, penye reli ya chuma, Baba katikati yangu na mdogo wangu, ambaye alikuja na tai. Nyuma yetu na pande zote walikuwa watu wa mji wetu, wamekuja kwa ajili ya mbio. Tufe lilikuwa kule, ng'ambo ya njia za kukimbilia, ng'ambo ya majani yote, chini ya ubao wa matokeo. Vitu vyenye ukubwa wa punje za mchele vilikuwa vinazunguka pale. Mimi mwenyewe nilimtambua Tofali kwa mwendo.

"Ameshaanza?" aliuliza Baba.

"Bado wanapasha misuli."

Akatikisa kichwa na kuweka mikono magotini, tayari kusikiliza kama anavyosikiliza siku zote. Ndipo nikaanza uongo wangu. Nilitoa kamera, nikaihangaikia, nikaguna, nikaipangusa kioo kwa kitambaa, nikaguna tena kwa sauti zaidi.

"Nini?" alisema.

"Jua, Baba. Linapiga kwenye kioo, sioni kitu. Na nikivuta mbali inatetemeka. Nitampigaje picha mtoto mimi? Ulikuwa unafanyaje na ile kamera yako ya sanduku?"

"Kitambaa cheusi," alijibu kwa dharau. "Hilo nalo la kuuliza?"

"Sina kitambaa cheusi."

"Una baba mwenye koti." Alikuwa ameshaanza kulivua. "Watu wa siku hizi mnanunua mashine ya kufika mwezini, lakini kivuli hamkijui. Lete hapa nikuonyeshe."

Nikampa. Alijifunika koti kichwani, yeye na kamera pamoja, akaegemeza viwiko kwenye reli. "Chuma hiki kinatosha," sauti ilitoka ndani ya koti. "Viwiko vyote viwili, unaona? Pumzi unaitoa nusu, nusu unaiacha. Kutetemeka kunatoka wapi hapo?" Mdogo wangu alinitazama juu ya mgongo wa Baba. Taratibu akaelewa, na nikaona anavuta tai yake kama inamkaba.

"Yuko wapi?" liliuliza koti.

"Tafuta ubao wa matokeo. Sasa shuka. Kuna mtu mwenye bendera nyeupe na nyekundu."

"Nimempata. Ana tumbo huyu."

"Kulia kwake kidogo. Fulana ya njano."

Koti lilisogea kidogo kulia, likasimama. Halikusogea tena kwa muda mrefu. Nilisikia kelele zote za uwanja, mluzi, viatu, watu wanaopeana vinywaji.

"Ana mabega haya yote?" alisema Baba.

Uso wa Tofali, Baba alikuwa anauona kila siku, akimbusu asubuhi, kipande kwa kipande, jicho, shavu, sikio. Lakini mjukuu wake mzima, kuanzia nywele hadi viatu, akiwa amesimama kwenye mwanga, hakuwa amemwona, ukiacha ile video, tangu akiwa mtoto mdogo. Mdogo wangu akageuza uso kutazama wauza maji. Sikumlaumu.

Mashindano yakaanza, na hayakuanza vizuri. Kulikuwa na msichana mrefu mwenye bluu ambaye tufe lake lilikuwa linakwenda kama limesahau uzito. Tofali alitupa, akawa nyuma. Zamu ikazunguka, akatupa tena, nyuma. Mtangazaji alisoma matokeo kwa sauti ya mtu anayefikiria chakula. Zamu zilikuwa zinakwisha, nami nilikuwa natafuna kamba ya kamera bila kujua, mpaka Baba aliponiambia niiache, inatingisha.

"Anashusha kidevu," alisema.

"Nini?"

"Kabla tufe halijatoka mkononi anatazama chini. Kila mara. Nguvu yote inamiminika miguuni."

Hilo mwalimu wake wa michezo humwambia kila siku, Tofali mwenyewe ametusimulia. Mazoezini analikumbuka. Akiogopa linamtoka. Na kutoka pale tulipo niliweza kuona, hata kwa punje ya mchele, kwamba mtoto wangu anaogopa. Zilikuwa zimebaki zamu za mwisho. Msichana wa bluu alishatupa yake. Jina la Tofali likaitwa.

Baba akasimama. Koti bado lilikuwa kichwani, kamera ndani yake. Akavuta pumzi, na sauti ikatoka, ileile iliyonyoosha mji mzima kwenye kiti cha kuzunguka.

"KIDEVU JUU!"

Naapa niliona kwa macho yangu: safu tatu za watu waliokuwa karibu nasi waliinua videvu. Wenyewe, bila kufikiri. Mama mmoja aliyekuwa anakunywa maji aliinua na chupa yake pamoja. Kisha wakatazamana.

"Huyo si Bwana Kidevu?" mtu aliuliza.

"Ndiye yeye! Na yule kule ni mjukuu wake!"

Kicheko kikapita jukwaani, na nyuma ya kicheko mtu akaitikia: "Kidevu juu!" Mwingine akadaka. Mdogo wangu, karani wa benki, akapanda juu ya kiti na viatu vyake vya kung'aa, akapiga kelele mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Jukwaa zima likashika. Hakukuwa na mtu pale ambaye hakuwahi kuambiwa maneno yale akiwa na hofu, ameketi wima, akisubiri mwanga umpige. Kidevu juu! Kidevu juu! Watu waliokuja kutazama mbio walikuwa wamesimama kwa ajili ya tufe.

"Amesikia," alisema Baba. "Ametugeukia. Anacheka huyo." Akatoa mkono mmoja nje ya koti na kuuinua. "Haya, sasa kimya!"

Na wakanyamaza. Studioni pia walikuwa wananyamaza.

Tofali aliingia kwenye duara. Akaweka tufe shingoni. Akajikunja, akatugeuzia mgongo, na nikasikia kitufe cha kamera kikibonyezwa, mapema mno, nikataka kulia kwa sababu alikuwa bado hata hajageuka. Akageuka. Kichwa kilibaki juu. Hata mimi nilikiona, kile kinukta cheusi kimebaki juu, hakikuinama, na tufe likatoka likapanda na kuendelea kupanda. Lilipotua, mwamuzi mwenye tumbo aliinua bendera nyeupe, ya kulikubali. Wakavuta utepe wa kupimia. Wakauvuta tena, kama hawaamini. Ubao wa matokeo ukazimika, ukawaka, na jina la binti yangu lilikuwa juu ya majina yote.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua nilimkumbatia mtu nisiyemjua na kwamba tai ya mdogo wangu haijaonekana hadi leo. Mama wa chupa ya maji alitumwagia sote. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, nami si mtu wa kulia hadharani, lakini nililia hadharani, na kwa raha zangu.

Tofali alitufikia akipanda ngazi za jukwaa mbilimbili, medali inampiga kifuani, chaki ya tufe bado shingoni. Alinipita mimi. Akasimama mbele ya babu yake, ambaye alikuwa amekaa na koti limemwangukia mabegani na kamera mapajani.

"Babu. Umeniona?"

"Nimekuona."

"Usinidanganye. Umeniona kweli, au Mama amekusimulia?"

"Mama yako haoni mbali," alisema Baba. Akamvuta karibu, kiganja kimoja, na kumgusa kona ya mdomo kwa kidole. "Ukitaka kutupa unatoa ulimi. Hapa, upande wa kushoto. Kama marehemu bibi yako alipokuwa anatunga uzi kwenye sindano."

Mimi ni mama yake na sikuwa nalijua hilo. Tofali alifikiri kidogo, akautoa ulimi, akauhisi unakokwenda, akaona ni kweli. Akakaa chini kwenye sakafu ya jukwaa, jitu zima lenye mabega yale, akaweka uso kwenye magoti ya babu yake, na sikuweza kujua anacheka au analia. Baba alimwacha. Mkono wake ulikuwa kwenye kichwa cha mtoto, na mwingine ulikuwa bado umeshika kamera.

Picha nilikuja kuitazama baadaye. Aliibonyeza mapema kwa makusudi. Alijua ile mashine inafikiri kwanza, akaipa muda wa kufikiri. Tufe ndiyo kwanza linaachana na vidole, mkono umefunguka wote, kidevu kiko juu, na ulimi uko nje. Picha yake ya kwanza tangu afunge chumba cha giza.

Tukiwa tunarudi nyumbani aliigeuzageuza kamera mkononi. "Hii kifuniko chake kiko wapi?"

"Haina kifuniko, Baba. Ukiiwasha inajifungua yenyewe."

"Kumbe." Akatembea kidogo. "Ile kubwa ilikuwa nacho."

"Ilikuwa nacho."

"Na mlinyamaza. Wewe na yule mwenye maneno mengi."

"Tulinyamaza."

Nilidhani atakasirika. Akaanza kucheka, polepole kwanza, halafu ikabidi tusimame aegemee ukuta. "Mstari wa mlango umenyooka kabisa!" alisema huku akifuta lile jicho lake, na akacheka tena mpaka wapita njia wakacheka naye bila kujua kwa nini.

Ile kubwa bado iko kwenye kabati la duka. Nikipita naisalimu, na iko siku tutaelewana. Kwa sasa dirishani mwa studio tumetundika picha moja tu, kubwa kuliko zote tulizowahi kuchapa, na watu wanavuka kutoka kwa jirani wa ng'ambo kuja kuitazama. Tofali alipoiona alipiga ukelele. Alimsihi babu yake atoe nyingine, yoyote, mchezaji wa timu ya taifa hawezi kukaa dirishani mchana kutwa ametoa ulimi.

Baba alisogeza jicho la kushoto kwenye kioo cha dirisha, kiganja kimoja, akaikagua picha kutoka juu hadi chini bila haraka.

"Kidevu kiko juu," alisema. "Hayo mengine hayanihusu."